Tunasubiri ujumbe wako: namna ya kuandika maoni yatakayosomwa hewani

Kila kipindi kinapoisha tunafungua simu ya studio na kukuta meseji nyingi. Nyingi ni salamu: "Namsalimia mama mkwe wangu wa Leganga, popote alipo anisikie." Nyingine zinasema tu "kipindi kizuri, endeleeni." Tunazipokea kwa furaha. Lakini lile swali tulilouliza hewani, la maji au mbegu au barabara, linapata majibu machache, na mara nyingi yanatoka kwa wanaume walewale ambao majina yao mmeshayakariri.

Kesho yake ukipanda daladala kwenda Tengeru, unasikia abiria wanabishana juu ya swali lilelile, na akina mama wenye ndoo za mboga ndio wanaosema ya maana zaidi. Kwa hiyo maoni yapo, ila yanaishia kwenye daladala. Makala hii inaeleza kwa nini, na nini kifanyike ili yafike studio.

Salamu ndiyo mlango

Tuanze na salamu, maana wapo wanaozicheka. Wazee mnakumbuka enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, mtu alikuwa ananunua kadi ya salamu dukani, anajaza majina ya ndugu na marafiki, anaipeleka posta na kusubiri wiki kadhaa kusikia jina lake. Mwisho wa kadi palikuwa na nafasi ya ujumbe, sentensi moja tu. Hapo ndipo mtu wa kijijini, ambaye hakuwahi kushika kipaza sauti, alisema neno lake na nchi nzima ikasikia.

Kwetu huingii nyumbani kwa mtu ukaanza na shida kabla ya hodi na habari za asubuhi. Anayetuma salamu leo amepiga hodi. Kazi yetu ni kumkaribisha ndani na kumuuliza habari za huko atokako. Ndiyo maana siku hizi mtangazaji akisoma salamu kutoka Kikwe, anaongeza: "Na huko Kikwe mahindi yanaendeleaje?" Aliyetuma salamu akijibu, ameshaanza kutoa maoni bila kuogopa neno "maoni."

Redio ya kusikiliza na redio ya kujibu

Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, watu wakajadili: je, hapa kwetu tuna vyoo? Madimbwi ya mbu yako wapi? Halafu wakaamua cha kufanya wao wenyewe. Vyoo vingi vilichimbwa kwa njia hiyo. Nguvu ya kampeni ile haikuwa sauti ya mtangazaji peke yake. Ilikuwa yale mazungumzo yaliyofuata chini ya mti.

Jambo hilo limepimwa tena miaka ya karibuni. Kati ya 2007 na 2010 shirika la Farm Radio International, ambalo lina ofisi hapa Arusha, lilifanya kazi na redio za nchi 5 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Ilionekana kwamba wakulima walioshiriki kuandaa vipindi na kusikika ndani yake walijaribu kilimo kipya kwa wingi kuliko wale waliosikiliza tu. Ukimsikia jirani yako akieleza alivyopanda, unaamini zaidi kuliko ukimsikia bwana shamba usiyemjua.

Shirika hilohilo limetumia pia njia ya kubip. Msikilizaji anabip namba na kukata, kisha mashine inampigia, anasikiliza au anajibu bila kutumia vocha yake. Tunaitaja kwa sababu wengi wenu mnatuambia mnakaa kimya kwa kukosa salio. Hiyo ni sababu ya kweli, na redio yoyote inayotaka maoni ya watu wa kijijini lazima ijiulize nani analipia meseji.

Swali pana, jibu pana

Sababu nyingine ni aina ya swali. Redio ikiuliza "mnaonaje kuhusu maji?" itapata "maji ni uhai," na hapo hakuna cha kufanyia kazi. Lakini ikiuliza "leo umetoka nyumbani saa ngapi kwenda kuteka maji, na umerudi saa ngapi?" kila anayebeba ndoo ana jibu. Hahitaji shule wala ujasiri. Na majibu 20 ya namna hiyo kutoka vitongoji mbalimbali ni habari ambayo ofisi ya RUWASA haiwezi kuipuuza.

Upande wako msikilizaji, kanuni ni hiyohiyo. Tuambie uko kijiji gani na kitongoji gani, umeona nini, tangu lini, na umeshamwambia nani. Ukiandika "tunateseka na mfereji, serikali itusaidie," tutakuhurumia lakini hatutajua pa kupiga simu. Ukiandika "Mfereji wetu umebomoka juu ya shule tangu Jumatatu, zamu ya maji imesimama, mwenyekiti wa kitongoji amejulishwa," tunaweza kuisoma jioni ile na asubuhi tukamtafuta mhusika.

Watu wa Meru wanaijua kazi hii tangu zamani. Mwaka 1951 wakoloni walipowahamisha kwa nguvu wananchi wa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, Wameru walichangishana fedha na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, mbele ya Umoja wa Mataifa. Alikwenda akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi wakati ule. Lakini dunia ilisikia, kwa sababu walikwenda na mahali, tarehe na yaliyotendeka, na Kirilo aliporudi alizunguka nchini kueleza. Meseji yako ya bomba bovu ni ndogo kuliko kesi ile, lakini inajengwa hivyohivyo.

Swali moja linavyozaa kipindi

Chukua swali linalotufikia mara kwa mara kutoka Maji ya Chai na Ngurdoto: kwa nini watoto wetu wana meno ya kahawia? Wapo wanaodhani ni ya ukoo, na wapo vijana wanaoziba mdomo wakicheka. Jibu ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya mlima wetu na kuyeyuka katika maji. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya upande huu vinazidi hapo. Meno huharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, yaani utotoni, na kiwango kikubwa kwa miaka mingi huweza kuumiza hata mifupa.

Hapo msikilizaji mwingine anauliza: nikichemsha maji je? Swali zuri sana, maana jibu linashangaza wengi. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani. Wala usitazame rangi: floraidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo maji meupe kabisa yanaweza kuwa nayo nyingi. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, ambako wametengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa mama mwenye mtoto mdogo, hatua ya kwanza ni kuuliza maji ya chanzo chake yamepimwa kiasi gani, na kumtafutia mtoto maji ya kunywa na ya kupikia uji kutoka chanzo chenye floraidi kidogo, hata kama ya kufulia yanatoka kwingine.

Haya yote yamezaliwa na meseji moja ya mtu aliyethubutu kuuliza.

Kwa nini akina mama hawaandiki

Katika nyumba nyingi simu ni ya baba, au iko mfukoni kwake. Kipindi cha saa moja usiku kinamkuta mama jikoni. Na akituma meseji, kesho gengeni ataulizwa: "Wewe ndiye uliyesema redioni?" Hatuwezi kulimaliza hilo kwa kusema "akina mama, jitokezeni." Kinachosaidia ni kikundi. Kama mnakutana VICOBA siku fulani, mwisho wa kikao jadilini swali la wiki kwa dakika 10, mmoja aandike kwa niaba ya wote, na jina liwe la kikundi au lisiwepo kabisa.

Jina si lazima. Ukiandika "msinitaje," hatukutaji, na namba yako hatumpi mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inatubana. Lakini tuseme kweli: laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo usidhani meseji ya matusi au ya uongo haina mwenyewe.

Kipi tunasoma, kipi hatusomi

Hatusomi ujumbe unaomtuhumu mtu kwa jina bila ushahidi. Leseni yetu iko chini ya TCRA na linalotoka hewani ni jukumu letu, hata kama limeandikwa na msikilizaji. "Mwenyekiti amekula hela za shule" hatusomi. Lakini "mkutano mkuu wa kijiji haujaitishwa tangu mwezi wa nne, na hatujasomewa mapato na matumizi" tunasoma, maana ni jambo linaloweza kuthibitishwa, na mkazi yeyote mwenye miaka 18 ana haki ya kuingia katika mkutano huo na kuuliza. Tukishausoma tunampigia mtendaji ajibu. Asipopokea, tunasema hewani kwamba hakupokea, na tunampigia tena.

Ujumbe wa kutupinga pia tunausoma. Ukiona bei ya nyanya tuliyotangaza si ile uliyoikuta sokoni Tengeru, tuandikie bei na siku.

Swali la wiki hii ni hili: zamu yako ya maji ya mfereji ni siku gani, na mara ya mwisho uliyapata lini? Taja kijiji na kitongoji. Majibu tutayasoma Alhamisi jioni, na marudio Ijumaa saa nne asubuhi kwa wanaokuwa jikoni usiku.