Shimo la Mengo na ukurasa mtupu wa mtoto



Wengi wenu mnajua kwamba mwezi wa nane tulienda Kampala watu watano, na makuta ya likelemba, kutafuta vitenge na nguo za watoto za kurudia masomo. Habari za bei tuliwapa kwenye mkutano. Leo tunawaeleza siku ya mwisho ya safari ile, siku ambayo hatukununua kitu.

Tulilala Katwe, kwa dada mmoja mzaliwa wa Kadutu aliyeolewa kule. Katwe ina Wakongomani wengi. Asubuhi unasikia Kiswahili chetu mlangoni kwa jirani kama vile uko Nyamugo. Basi letu lilikuwa la usiku, mizigo ilikuwa imefungwa, na dada akatuona tumekaa juu ya mabalo tunatazamana. Akasema: "Wamama, mtakaa hivi mpaka jioni? Pandeni hapa Mengo mkaone shimo la Amin." Mmoja wetu akajibu kwamba mashimo tunayo ya kutosha kwenye barabara za kwetu. Tulicheka, tukavaa viatu, tukapanda.

Mengo ni kilima, na juu yake kuna Lubiri, jumba la Kabaka, mfalme wa Waganda. Ni kiwanja kikubwa chenye ukuta kuzunguka, na kutoka kwenye lango barabara inanyooka mpaka Bulange, nyumba ya baraza lao. Tulilipa mlangoni, tukapewa kijana wa kutuongoza. Alituita "nnyabo", ndivyo Waganda wanavyomwita mama kwa heshima. Tulidhani tutaonyeshwa viti vya kifalme. Yeye akatupitisha kwenye majani, tukatelemka kidogo, na mbele yetu kukawa na mdomo wa saruji unaoingia ndani ya kilima.

Kwanza lilikuwa ghala la silaha. Kijana alisema lilijengwa na Waisraeli wakati walipokuwa marafiki wa Idi Amin, na urafiki huo ulikwisha mwaka 1972 alipowafukuza. Baadaye silaha zikatoka, watu wakaingizwa. Ndani kuna njia moja ndefu, na vyumba viko upande mmoja, sakafu yake imeinuliwa juu ya njia. Pale chini tulipokuwa tunakanyaga palijazwa maji, na maji yakatiwa umeme. Aliyefungwa chumbani hakuhitaji kufungiwa sana: akishuka, anakufa. Kijana alisema pia kwamba watu walikuwa wanafungwa macho na kuzungushwa mjini kwa gari muda mrefu, ili waamini kwamba wamepelekwa mbali, wakati wako katikati ya mji, karibu na watu wanaouza ndizi.

Hakuna vioo, hakuna picha zilizopangwa, hakuna taa. Kuna ukuta tu, unyevu, na alama za mikono. Tulimulika kwa simu. Mama mmoja alipima kiganja chake juu ya alama moja bila kuigusa, halafu akarudisha mkono haraka.

Kuna pia maandishi ya mkaa. Moja ni la Kiingereza, na Mwalimu akaombwa atafsiri. Linasema hivi: Obote, umeniua, lakini watoto wangu je?

Tulisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Hata hivyo mwalimu ni mwalimu, na kuna jambo tuliliona: kila mtu pale mjini anapaita shimo la Amin. Lakini aliyeandika ukutani hakumtaja Amin, alimtaja Obote. Tulimwuliza kijana, naye hakukwepa. Amin alichukua nchi tarehe 25 mwezi wa kwanza 1971 na kuangushwa mwezi wa nne 1979. Obote, ambaye Amin alimpindua, alirudi madarakani mwaka 1980 mpaka 1985, na watu waliendelea kupotea. Lakini ubao una nafasi ya jina moja tu. Tunafikiri hilo linatuhusu sana sisi wa Kivu. Kwetu pia kila mtu ana jina moja analobandika juu ya vita yote, na majina mengine yanafichwa nyuma yake, na aliyekufa haulizwi alimwona nani.

Kisha kijana akatueleza jambo ambalo hatukulitarajia kabisa. Lile jumba lilishambuliwa na jeshi tarehe 24 mwezi wa tano 1966, Amin akiongoza kwa amri ya Obote. Kabaka Mutesa wa pili aliruka ukuta, akafika Burundi na baadaye Uingereza, akafia London mwaka 1969. Na ugomvi uliofika hapo ulikuwa na sababu nyingi, lakini mojawapo ilikuwa dhahabu. Dhahabu ya wapi? Ya Kongo! Wakati wa vita ya Mulele na Wasimba, mwaka 1964 na 1965, Uganda iliwasaidia waasi, na mwezi wa pili 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni akamshtaki Amin, na wakubwa wengine pamoja naye, kwamba wamejinufaisha kwa dhahabu na pembe za ndovu kutoka kwetu. Wao walikana, tume ikaundwa. Lakini mwezi uleule Obote aliwakamata mawaziri watano, akasimamisha katiba, na Amin akapandishwa cheo badala ya kushuka. Miezi mitatu baadaye mizinga ilikuwa inapiga Lubiri.

Mama mmoja wetu, ambaye mume wake yuko kwenye machimbo ya Kamituga, alisema polepole: "Kumbe dhahabu yetu iliua na huku."

Alisema polepole kwa sababu nyingine pia. Kijana alikuwa ametuomba tusiongee kwa sauti ndani. Kiswahili kule Uganda kilikuwa lugha ya kambi za askari, na wazee wengi wa Kiganda bado wanakikumbuka kama lugha ya waliokuwa wanawapiga. Siku hiyo kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja na wajukuu. Sisi Kiswahili ni lugha ya kuimbia watoto walale. Tulinyamaza, tukaanza kuongea kwa macho.

Tulipotoka juani tulikuwa wanne. Wa tano alikuwa amebaki ndani.

Tunaandika haya kwa ruhusa yake, bila jina. Mume wake alichukuliwa nyumbani usiku, mwaka 1998, na hakurudi. Watoto aliwaambia baba amesafiri. Walikua, wakaacha kuuliza. Sasa wajukuu ndio wanaouliza, na mmoja wao yuko darasani kwetu. Mwaka uliopita tuliwapa watoto kazi ya nyumbani: muulize mzee mmoja kwenu aliyoyaona katika mji huu, uandike ukurasa mmoja. Yeye alileta ukurasa mtupu, na juu yake jina lake na tarehe tu. Tulimpa sifuri. Tunaomba radhi hapa mbele ya wote, kwa sababu ukurasa ule ulikuwa umejibu vizuri kuliko mingine, na hatukujua kuusoma.

Alipotoka macho yalikuwa makavu. Alisema: "Huyu alipata hata mkaa." Hakusema kitu kingine mpaka Mbarara, usiku, ndani ya basi.

Hapa Bukavu tunayo Makumbusho ya Kivu ya mapadre Wasaveriani kule Muhumba, yenye vinyago na vitu vya Warega, na tumewapeleka watoto. Ni mahali pazuri. Lakini nani anawaonyesha watoto wetu mahali pa vita? Bibi zetu wanakumbuka mwaka 1967, Schramme na mamluki wake walipokaa katika mji huu tangu mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja, kisha wakavuka Ruzizi. Sisi wenye miaka thelathini na kitu tunakumbuka mwezi wa kumi 1996 tukiwa wadogo, chini ya kitanda, mkono wa mama juu ya mdomo wetu. Askofu Munzihirwa aliuawa siku zile, na kila siku tunapita Nyawera na makapu yetu. Mwezi wa sita 2004 tulirudi tena chini ya vitanda, safari hii sisi ndio tulioziba midomo ya wadogo zetu.

Wiki mbili baada ya kurudi, yule mama alimwita mjukuu wake jikoni. Alimwambia jina la babu, kazi aliyoifanya, na kwamba hakusafiri. Mtoto akauliza nani alimchukua. Akamjibu: "Hilo utaliuliza ukifika mwaka wa sita, nitakuwa bado nipo." Kesho yake mtoto alikuja na ukurasa wake, mistari minne. Tumefuta sifuri.

Wamama wanaokwenda Kampala na wanataka kufika Mengo: bebeni tochi, maana simu inamaliza moto haraka, na viatu visivyoteleza. Mwenye presha au anayeogopa mahali pafinyu asubiri nje, pana kivuli. Watoto wadogo wasiingie kabisa. Wa sekondari wanaweza, lakini ongeeni nao kabla, si ndani.

Na Alhamisi, baada ya hesabu za likelemba, tutabaki na wale wanaotaka kusimulia. Daftari liko. Asiyetaka kuandikwa hataandikwa, na asiyetaka kusema anaweza kuja kukaa tu. Chai itakuwapo, sukari mtu abebe yake.