Kijana Anapofikishwa Mahakamani Mara ya Kwanza

Mikumi ni mji wa njia kuu. Usiku na mchana magari ya mizigo yaendayo Zambia na mabasi ya Iringa na Mbeya hupita hapo, na vijana wetu huzunguka madirishani wakiuza maji na ndizi. Penye wasafiri wengi mali hupotea. Tufanye basi kwamba simu ya abiria imeonekana mfukoni mwa kijana wa miaka 17. Baba yake apata habari baada ya sala ya Isha: mwanao yuko kituo cha polisi, na huenda akapelekwa mahakamani Kilosa.

Saa hiyo wazazi hutofautiana. Yuko asemaye, "Na alale huko apate adabu." Yuko atafutaye wa kumpa hongo, naye huongeza dhambi juu ya msiba. Lakini tunayemwogopea zaidi ni yule mwenye nia njema, amnong'onezaye mwanawe: "Kubali tu, yaishe, twende nyumbani."

Hayaishi. Kijana akikubali shitaka, kisha akasomewa maelezo ya kosa akayakubali nayo, hutiwa hatiani pale pale. Na aliyekiri mwenyewe, sheria yetu haimpi rufani ila juu ya adhabu tu. Kama ameiba, na akiri. Ukweli huo utamfaa mbele ya hakimu. Kama simu aliiokota, au aliuziwa asijue asili yake, na aseme hivyo hivyo bila kuongeza neno. Hakimu ataandika kwamba amekana, na kazi ya kuthibitisha itakuwa ya upande wa mashitaka. Kukana kosa usilolitenda si utovu wa adabu, ijapokuwa wazee wengine hudhani hivyo.

Jambo la pili ni umri, nalo hupuuzwa mno. Sheria ya zamani ilimkinga kijana wa chini ya miaka 16. Sheria ya Mtoto ya 2009 imepandisha kinga hiyo: asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Shauri lake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, faraghani, afisa wa ustawi wa jamii akiwapo. Ana haki ya kuwa na jamaa yake na wakili. Wala hawezi kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Mahakama yaweza kumwachilia kwa masharti, au kumweka chini ya uangalizi. Kwa makosa mazito zaidi iko shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya.

Lakini kijana mrefu mwenye ndevu changa huandikwa miaka 19, na pengine yeye mwenyewe ndiye aliyejigamba hivyo. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kiende naye mahakamani. Kisipopatikana, ichukuliwe kadi ya kliniki au karatasi za shule, na mama aende mwenyewe. Akina mama wa Kilosa wanajua ni nani alizaliwa Mto Mkondoa ulipofurika, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, watu wakahamia mahemani. Ushahidi wa namna hiyo si wa kudharauliwa, kwani hakimu hana budi kuuchunguza umri kabla ya kuendelea.

Aliyepita miaka 18 naye asikate tamaa. Kanuni za Adhabu zaruhusu mkosaji kuachiliwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12, na kwamba ni kosa la kwanza huangaliwa. Hapo hufaa mwalimu wake wa madrasa au tajiri wake wa kazi aje kueleza tabia yake kama aijuavyo, si kumpamba.

Twarudi kwa baba tuliyemwacha usiku ule. Na aende kituoni upesi, akichukua kitambulisho chake na barua ya serikali ya mtaa. Kwa kosa dogo, sheria yataka mtoto akabidhiwe mzazi kwa dhamana, wala dhamana hailipiwi. Asiyeweza kumlipa wakili na aulize habari za msaada wa kisheria, uliowekwa na sheria ya 2017. Kisha tarehe ya kurudi mahakamani iandikwe ukutani, na nauli ya Kilosa itengwe mapema, ya baba na ya mwana. Maana asiyefika siku yake huandikiwa hati ya kukamatwa, hata kama kosa lenyewe asingelithibitishiwa kamwe.