Koo Likiziba, Mgonjwa Asiachwe

Ukimwona mzee wa nyumbani akisukumia kila tonge kwa maji, usiseme ni uzee tu. Kwanza ugali humkwama, kisha uji, mwisho hata maji hurudi. Yaweza kuwa kansa ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Afrika Mashariki yetu ina wagonjwa wengi wa kansa hii, na wengi hufika hospitali njia ikiwa karibu kuziba, wakati ambapo kupona ni kugumu mno.

Hapo jamaa husema, “Basi, turudi nyumbani.” Lakini kuponya ni jambo moja, na kusaidia ni jambo jingine. Asiyeweza kuponywa aweza bado kusaidiwa ameze, asife kwa njaa na kiu mbele ya wanawe.

Mwanga wafanyaje kazi?

Mwaka 1995 serikali ya Marekani ilikubali dawa iitwayo Photofrin itumike kwa wagonjwa wa namna hii. Mgonjwa hupigwa sindano ya mshipa. Baada ya siku mbili hivi mganga hupitisha kinywani mpira mwembamba wenye uzi wa kupitisha mwanga, akaumulika uvimbe kwa mwanga mwekundu. Mwanga huo hauchomi. Huiamsha dawa, nayo dawa huua nyama ya kansa. Njia hufunguka kwa muda.

Lakini mwanga hauzami ila milimita chache, kwa hiyo hauwezi kuondoa uvimbe mkubwa wa umio wala wa tumbo. Tena mgonjwa hana budi kulikimbia jua kwa siku 30 au zaidi, maana ngozi yake huungua upesi. Fikiri mkulima wa Ngerengere afichwe jua mwezi mzima!

Msaada ulio karibu zaidi

Katika nchi zetu hutumika zaidi bomba dogo la wavu wa chuma. Huingizwa likiwa limekunjwa. Likifika palipoziba hutanuka lenyewe. Katika hospitali ya misioni ya Tenwek, huko Bomet, Kenya, wagonjwa zaidi ya 900 walikuwa wametiwa bomba hilo kufikia mwaka 2008, na wengi waliweza kumeza vizuri zaidi. Hapa Tanzania ulizeni Muhimbili. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutibu kwa mionzi, na mofini ya kunywa hutuliza maumivu makali.

Aliyetiwa bomba ale chakula laini, atafune sana, aketi wima, wala asilale mara amalizapo kula.

Tufanye nini?

Chakula kikianza kukwama, msingoje mavuno. Nendeni zahanati, kisha hospitali ya mkoa Morogoro, mkaombe mgonjwa atazamwe umio. Acheni tumbaku na pombe. Chai nayo ipoe kidogo: mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walisema kuwa vinywaji vya moto kupita digrii 65 huenda vikaleta kansa ya umio.

Na mkiambiwa kuwa hakuna kupona, msiondoke bado. Mwulizeni mganga: “Mtamsaidiaje ameze?” Swali hilo ni haki ya kila mgonjwa.