Msamiati wa Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Theolojia: Faida ya Kumsoma John Bunyan

Mwanafunzi wa theolojia katika nchi yetu hubeba mzigo wa lugha nyingi. Huhubiri kwa Kiswahili, nyumbani aghalabu husema lugha ya wazee wake, darasani hudaiwa Kiyunani na Kiebrania, na vitabu vingi vya maktaba avikutavyo vimeandikwa kwa Kiingereza. Katika lugha hizo zote, Kiingereza ndicho kinachodhaniwa kuwa kimekwisha kujulikana, kwa sababu alifundishwa kwacho katika shule ya sekondari. Lakini sisi tunaosahihisha insha zake tunaona jambo jingine. Maneno makubwa yamo tele, nayo yamewekwa kama mapambo. "Propitiation" na "expiation" huandikwa katika sentensi moja kana kwamba ni kitu kimoja, na mwandishi akiombwa kueleza kwa Kiswahili tofauti iliyopo, hunyamaza. Mtu wa namna hii hawezi kukisoma kitabu cha ufafanuzi akakipinga. Anaweza kukinakili tu. Tena Jumapili itakapofika atawapelekea Wakristo wake maneno ambayo yeye mwenyewe hayajampata.

Dawa inayotumiwa na wengi ni orodha. Hununua kijitabu chenye maneno magumu na maana zake, wakakariri maneno ishirini kila siku. Hatuwezi kuisifu njia hii. Neno lililokaririwa peke yake halina nyumba wala ndugu; halijulikani linakwenda na nani, wala linakataa kukaa na nani. Tunapendekeza njia ya zamani zaidi, yaani kusoma kitabu kimoja cha kale, kizima, polepole, na kuyaona maneno yakifanya kazi.

Kwanza yafaa kuelewa kwa nini msamiati wa Kiingereza una ngazi. Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo mabwana na mahakama walitumia Kifaransa, kanisa na wasomi wakatumia Kilatini, na wakulima wakabaki na lugha yao ya Kisaksoni. Kwa hiyo Kiingereza kina maneno mawili kwa jambo moja: "holy" na "sacred", "forgive" na "pardon", "fatherly" na "paternal". Neno la kwanza ni la nyumbani, la pili ni la ugenini lililopewa heshima. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Sisi nasi tuna kuomba na kusali, kufa na kufariki, na kila mmoja wetu ajua bila kufundishwa ni lipi litumike katika tangazo la msiba. Kinachoitwa msamiati wa juu wa Kiingereza, kwa sehemu kubwa, ni ile tabaka ya Kilatini na Kifaransa. Wala si maneno elfu yasiyohusiana. Ni mashina machache yenye matawi mengi.

Hapa ndipo Bunyan anapotufaa. John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow karibu na mji wa Bedford. Alikuwa fundi wa kutengeneza masufuria, hakusoma chuo chochote, na tangu mwaka 1660 hadi 1672 alifungwa gerezani kwa sababu ya kuhubiri bila idhini. Kitabu chake The Pilgrim's Progress kilitolewa mwaka 1678, na sehemu ya pili mwaka 1684. Walutheri tuna sababu ya pekee ya kumkaribisha. Katika kitabu chake cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1666, Bunyan aeleza jinsi alivyopata nakala kuukuu ya ufafanuzi wa Luther juu ya Wagalatia, akakipenda kitabu hicho kuliko vyote alivyopata kuviona isipokuwa Biblia. Basi anayemsoma Bunyan anakutana na mafundisho anayoyafahamu, na hilo humpunguzia nusu ya kazi, maana si rahisi kujifunza neno geni na wazo geni kwa wakati mmoja.

Faida yake kubwa kwa msamiati imo katika majina. Bunyan humwita kila mtu kwa jina la tabia yake, kisha humwachia atende kama alivyoitwa. Obstinate na Pliable wanamfuata Christian ili wamrudishe nyumbani. Wa kwanza hasikilizi neno lolote, anageuka na kurudi kwa hasira. Wa pili anashawishika upesi, anaandamana na msafiri kwa furaha, hata wote wawili wanapotumbukia katika dimbwi la matope liitwalo Slough of Despond. Hapo anajikokota na kutokea upande ulio karibu na nyumba yake, akaenda zake. Msomaji aliyeona tukio hili hahitaji tena kuambiwa kwamba "pliable" ni kitu kinachopindika kwa urahisi. Amemwona akipindwa mara mbili, kwanza na msafiri, kisha na matope.

Kutoka hapo mwalimu aweza kuonyesha shina. "Pliable" limetokana na Kilatini plicare, kukunja. Ndugu zake ni "apply", "imply", "complicate", "explicit" na "implicit". Lililo "implicit" limekunjwa ndani. Lililo "explicit" limekunjuliwa. Mwanafunzi akilishika hilo, ukurasa mzima wa kitabu cha dogmatiki humfungukia. Lakini awe na tahadhari, kwani sura ya neno hudanganya: "comply" na "supply" hazimo katika ukoo huu, bali zimetoka katika shina la kujaza. Ndiyo maana tunasisitiza kamusi inayoeleza asili ya neno. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 1928, huonyesha pia jinsi neno lilivyotumiwa karne kwa karne.

Mfano wa pili ni kesi katika soko la Vanity Fair. Miongoni mwa wazee kumi na wawili wa baraza yumo Heady, yumo High-mind, na wa mwisho ni Implacable. Bunyan hakuyabuni majina haya kutoka hewani. Heady na High-mind wametoka 2 Timotheo 3:4, na Implacable ametoka Warumi 1:31, katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliyotafsiriwa kwa amri ya Mfalme James. "Implacable" ni yule asiyeweza kutulizwa wala kukubali suluhu, na ukiondoa kiambishi cha kukanusha unabakiwa na shina la "placate". Mwanafunzi atakayemsoma Bunyan akiwa na Biblia hiyo mkononi atagundua kwamba fundi huyu alijifunza Kiingereza chake hasa kwa Maandiko.

Hata hivyo Biblia hiyo ya mwaka 1611 ina mitego, na mitego yake ni mibaya zaidi kwa yule anayejiamini. Maneno magumu hayamdhuru mtu, kwa kuwa atayatafuta. Humdhuru yale anayodhani anayajua. Katika 1 Wathesalonike 4:15 limo neno "prevent", nalo leo maana yake ni kuzuia. Je, Paulo asema walio hai watawazuia waliolala, au hawatawazuia? Hapa msaada umo karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 imetumia kutangulia, na ndiyo maana hasa ya neno hilo wakati ule: kuja kabla. Katika 2 Wathesalonike 2:7 neno "let", ambalo leo ni kuruhusu, lina maana ya kuzuia, kinyume chake kabisa. "Conversation" katika Wafilipi 1:27 si mazungumzo, ni mwenendo. "Peculiar" katika 1 Petro 2:9 haisemi kwamba Wakristo ni watu wa ajabu, ingawa tumesikia mahubiri yaliyosema hivyo kwa nguvu nyingi. Neno hilo latokana na lile la Kilatini la mali ya mtu binafsi, na Kiswahili kimesema vyema: milki. Kwa hiyo mwanafunzi wetu ana kamusi ambayo kijana wa Kiingereza hana.

Tukae kidogo katika jambo moja, kwa kuwa lagusa kiini cha ungamo letu. Katika Kiyunani, dikaiosune na dikaioun ni neno moja katika sura mbili, jina na kitenzi. Kiingereza kilichukua jina kutoka ghorofa ya Kisaksoni, "righteousness", na kitenzi kutoka ghorofa ya Kilatini, "justify". Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiingereza husoma Warumi sura ya 3 na kuona mambo mawili, haki ya Mungu upande huu na kuhesabiwa haki upande huu mwingine, na wasomi wao hulazimika kuandika kurasa nyingi kuviunganisha. Hali ni ile ile kwa "faith", iliyotoka Kilatini na isiyo na kitenzi cha shina lake chenye maana ya kuamini, hata ikabidi kuazima "believe". Kiswahili kinasema haki na kuhesabiwa haki, imani na kuamini, na uhusiano unaonekana mara moja kama ulivyo katika pistis na pisteuein. Mwanafunzi asiyejua historia ya maneno hayo ya Kiingereza hudhani kwamba ugumu ule ni kina cha theolojia, kumbe mara nyingine ni ajali ya historia ya Uingereza. Tunatamani angalau hilo lijulikane kabla mtu hajaandika tasnifu yake.

Baada ya Bunyan, anayetaka kuendelea aweza kumsoma Shakespeare pamoja na tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, yafaa zaidi kwa wachungaji, kwa sababu kesi iliyomo ni ya sheria na rehema. Kuweka nakala mbili sambamba na kuuliza kwa nini mfasiri alichagua neno hili asichague lile, kwa mfano bepari badala ya mfanyabiashara, ni somo la Kiingereza na la Kiswahili pamoja.

Kuhusu namna ya kusoma hatuna mengi. Sehemu isomwe mara ya kwanza bila kamusi, hata kama nusu haieleweki. Mara ya pili yapigwe mstari maneno yaliyorudi zaidi ya mara moja, si yote. Anayepiga mstari kila neno hamalizi kitabu, na kitabu kisichomalizwa hakifundishi. Kila neno liandikwe katika daftari pamoja na mtu au tukio lililolileta, shina lake, na sentensi ya Kiswahili iliyotungwa na mwanafunzi mwenyewe. Sentensi hiyo ndiyo mtihani. Asiyeweza kuitunga hajalipata neno, hata akiweza kulitamka vizuri. Tena aangalie kama neno lingali hai, asije akaandika insha kwa Kiingereza cha karne ya kumi na saba.

Darasani tumezoea kumaliza kipindi cha Bunyan kwa kufungua Warumi 3:21-26 katika lugha tatu, Kiyunani, Kiingereza na Kiswahili, kila mwanafunzi akichora mstari kuunganisha maneno ya shina moja. Karatasi ya Kiingereza ndiyo hutoka na mistari michache kuliko zote, na hapo ndipo maswali huanza.