Radi inaweza kuongozwa na mwangaza? Namna lazeri inavyopokonya hewa elektroni zake

Hapa kwetu, musimu wa mvua ni musimu wa radi pia. Mwaka wa 2016, wataalamu waliochunguza miaka 16 ya habari za setilaiti walitoa orodha ya mahali panapopigwa zaidi na radi duniani. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela. Ya pili ni Kabare, mu Kivu ya kusini. Kampene, Sake na Butembo ziko pia kati ya kumi za kwanza. Kwa hiyo, wakisema kama kuna watu Ulaya walioongoza radi kwa mwangaza wa lazeri, hiyo habari inatuhusu. Lakini mwangaza unashika radi namna gani?

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa tunayopumua ni azoti kwa asilimia 78 na oksijeni kwa asilimia 21. Molekile ya azoti ni atomu mbili zilizoshikana, na ya oksijeni vilevile. Kuzizunguka kuna elektroni, chembe ndogo sana zenye umeme. Kama elektroni zote ziko mahali pake, hewa haipitishi umeme. Njo maana unaweza kusimama karibu na waya ya kuraa ya mu nyumba bila kuigusa na usipate kitu. Ili umeme upite mu hewa, lazima elektroni zing'olewe kwanza. Radi inazing'oa kwa nguvu ya mawingu. Lazeri inazing'oa kwa nguvu ya mwangaza.

Kung'oa elektroni kuna bei yake. Ku oksijeni, bei ni elektronivolti 12 hivi. Ku azoti ni karibu 15,6. Mwangaza nao unakuja kwa punje punje, na punje moja ya lazeri tutakayoizungumzia inabeba elektronivolti 1,2 tu. Punje moja haiwezi kitu. Kwa mwangaza wa kawaida, mambo yanaishia hapo: unaweza kumulika hewa na tochi mwaka muzima, hakuna elektroni itakayotoka.

Lakini punje zikija nyingi sana kwa wakati mumoja, elektroni inaweza kumeza zaidi ya kumi mara moja na kulipa bei yote. Mu 1931, Maria Göppert-Mayer, mtaalamu wa Ujerumani, alikuwa ameonyesha kwa hesabu kama atomu inaweza kumeza punje mbili kwa pamoja. Lazeri zilikuja kugunduliwa miaka karibu 30 nyuma yake.

Kuna namna ya pili ya kuielewa, iliyoandikwa na Leonid Keldysh, wa Urusi, mu 1964. Fikiria mbuzi aliyefungiwa mu lupango. Upepo mukali unalaza ukuta wa majani upande mumoja, ukuta unakuwa mwembamba, mbuzi anapenya. Mwangaza mukali unafanya hivyo: unainamisha ukuta unaofunga elektroni, na elektroni inapita katikati yake bila kuuruka.

Inahitaji nguvu gani? Jua la saa sita linatupa wati 1 000 hivi kwa kila meta mraba. Lazeri inayong'oa elektroni mu hewa inafikisha wati miliari elfu makumi kwa santimeta mraba moja tu. Hakuna mashine inayoweza kutoa nguvu hiyo bila kupumzika, basi inatolewa kwa vipande vifupi mno. Gérard Mourou na Donna Strickland walipata mbinu hiyo mu 1985: kurefusha kipande cha mwangaza, kukiongeza nguvu, halafu kukikandamiza tena. Walipewa tuzo la Nobel mu 2018.

Hapa oksijeni ilishangaza watu. Kuna gazi nyingine, zenoni, yenye bei karibu sawa na ya oksijeni. Watu walifikiri zote mbili zitapoteza elektroni sawasawa. Lakini mu miaka ya 1990 vipimo vilionyesha kama oksijeni inashikilia zake zaidi kuliko zenoni. Sababu ni kwamba zenoni ni atomu moja, oksijeni ni atomu mbili. Elektroni inatoka kama wimbi, na wimbi linaanzia ku atomu zote mbili. Umekwisha kuona mawimbi mawili yakikutana ku ziwa, moja likipanda na lingine likishuka? Maji yanatulia. Ku oksijeni ni hivyo: mawimbi mawili yanauana kidogo, na elektroni chache zinatoka. Ku azoti yanasaidiana. Lakini bei ya azoti ni kubwa sana, na kwa hiyo, mu hewa, elektroni nyingi zinatoka bado ku oksijeni.

Sasa turudi ku radi. Mu 2021, timu ya Ulaya ilipandisha lazeri ku mulima Säntis, mu Uswisi, karibu na munara wa meta 124 unaopigwa na radi mara 100 hivi kwa mwaka. Lazeri ilirusha vipande 1 000 vya mwangaza kila sekunde. Elektroni zilizong'olewa zinakamatwa tena upesi sana, lakini joto linabakia, hewa inatanuka na kuacha njia nyepesi. Radi inapenda njia nyepesi. Tarehe 24 mwezi wa saba, kamera zilionyesha radi ikifuata mwangaza kwa meta 50 hivi.

Lazeri ya namna hiyo ni bei kali, na haitafika Kabare kesho. Paratoneri ya chuma ingali njo kinga ya kweli ku mashule na ku makanisa. Radi ikianza, toka mu maji, ondoka chini ya muti, ingia mu nyumba imara ao mu gari lililofungwa. Na kama imepiga mutu, tusitafute nani aliyeituma. Radi inafuata njia ambamo elektroni zimeng'oka. Haijui jina la mutu.