FM2 au FE2: Kamera Ipi Inunuliwe kwa Upande wa Kina Mama?



Kina mama wa jumuiya yetu hapa Fordsburg na Mayfair wamechanga fedha za kununulia kamera moja ya filamu, nao wametutaka ushauri. Wameonyeshwa kamera mbili, zote za Nikon, na asiyezijua atadhani ni pacha: moja ni FM2, ya pili ni FE2. Fedha zilizopo ni za kununua moja tu. Tumeona ni bora ushauri wetu tuuandike hapa, ili kila aliyetoa mchango wake azione hoja na kuzipima mwenyewe.

Huenda mtu akauliza, katika zama hizi za simu, filamu ya nini? Jibu linatokana na jambo lililotuumiza. Picha za bibi harusi mmoja, zilizopigwa kwa simu upande wa wanawake, zilisambaa hadi zikafika mikononi mwa watu wasiomhusu, na hapakuwa na aliyeweza kuzirudisha. Filamu haina mbio hizo. Negativu ni moja, hutiwa katika bahasha, na bahasha hukaa kabatini kwa mwenyewe. Tena filamu ya nyeusi na nyeupe husafishika nyumbani: huingizwa gizani katika kopo lisilopenya mwanga, hupitishwa dawa ya kuitoa picha, ya kuisimamisha na ya kuikaza, kisha huoshwa kwa maji. Msichana aliyefundishwa vyema aweza kuifanya kazi hiyo bafuni kwao, pasi na mwanamume yeyote wa dukani kuiona sura ya mtu. Hatusemi kwamba picha ya karatasi haiwezi kunakiliwa kwa simu. Twasema tu kwamba ufunguo wa kabati anao mwenye picha. Ama wale wanaochukua hadhari katika suala la picha kwa jumla, twawaheshimu, wala asilazimishwe mtu kusimama mbele ya kamera.

Tuanze na yanayofanana. FM2 ilitoka mwaka 1982, na FE2 mwaka 1983. Zote hutumia filamu ya milimita 35 na lenzi za Nikon za aina ya AI, kwa hiyo lenzi ya moja huingia katika nyingine. Zote zina shata yenye kasi ya hadi 1/4000 ya sekunde, na kila moja ina uzito wa nusu kilo na ushei. Filamu husogezwa kwa kidole, na lenzi hulengwa kwa mkono.

Tofauti imo ndani. Shata ya FE2 huongozwa kwa umeme wa betri. Mpigaji akiweka alama ya A, yeye huchagua tundu la lenzi, na kamera humchagulia kasi. Betri ikifa, hubakiwa na kasi moja ya 1/250, pamoja na alama ya B ambayo huiacha shata wazi muda wote kidole kinapobonyeza. Shata ya FM2 huendeshwa kwa springi na meno ya chuma. Betri yake ni ya kipimo cha mwanga tu; ikifa, kasi zote tangu sekunde moja hadi 1/4000 hufanya kazi kama kawaida.

FE2 ina fadhila zake, na haifai kuzificha. Ni nyepesi kwa mtu mwenye haraka: bibi harusi akiingia kutoka uani penye jua hadi ukumbini penye kivuli, kamera hurekebisha kasi yenyewe. Aidha, ikifungwa flashi inayolingana nayo, hupima mwanga wa flashi hiyo unaorudi kupitia lenzi, na kuukata unapotosha. FM2 haina uwezo huo. Na kwa kuwa karamu zetu nyingi ni za usiku, hiyo si hoja ndogo.

Hata hivyo, yapo mambo mawili yanayotufanya tusite.

La kwanza ni mavazi yetu. Kipimo cha mwanga, katika kamera zote mbili, hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Kina mama kumi waliovaa buibui wakisimama pamoja, kamera ya kujiongoza hudhani ni giza, huongeza mwanga, na nyuso hupauka. Akisimama bibi harusi mwenye gauni jeupe, hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso wake huzama. FE2 ina gurudumu la kusahihisha kosa hilo, lakini katika shughuli mtu huweza kusahau kulirudisha mahali pake. Mwenye FM2 huupima mwanga wa ukumbi mara moja, kwa uso wa mtu au kiganja cha mkono, akaweka kasi na tundu, akaendelea; maadamu taa hazibadiliki, nyeusi itabaki nyeusi na nyeupe itabaki nyeupe. Kweli, FE2 nayo yaweza kutumiwa hivyo, lakini atakayefanya hivyo atakuwa amenunua wepesi asioutumia.

La pili ni umri. FE2 iliacha kutengenezwa mwaka 1987, basi hata iliyo changa kuliko zote inakaribia miaka arobaini. FM2 iliendelea hadi mwaka 2001. Springi ikilegea, fundi mzuri aweza kuitengeneza. Saketi ya umeme ikiungua, tiba yake aghalabu ni kuitoa katika kamera nyingine iliyokufa. Chombo cha jumuiya kitapita mikono mingi, na hatupendi kukusanya mchango mara ya pili kwa sababu ya kisaketi.

Kwa hiyo ushauri wetu ni FM2. Twajua kwamba kwa kawaida huuzwa ghali zaidi kuliko mwenzake, na kwamba itabidi inunuliwe flashi yenye jicho lake lenyewe la kupimia mwanga, ili kuziba upungufu tulioutaja. Kama fedha hazitoshi, twaona heri kungoja mwezi mmoja zaidi. Ama mtu binafsi anayetaka kamera ya kupigia watoto wake bustanini, FE2 itamfaa sana, na ataokoa fedha.

Kabla ya kulipa, mfungue mgongo wa kamera mkatazame visahani vya shata: visiwe na mafuta wala mbonyeo. Sikilizeni kasi ya sekunde moja kama ni sekunde kweli. Chunguzeni chumba cha betri kama kina kutu ya kijani, na sponji za kuzuia mwanga kama zimegeuka ulimbo.

Tumesema mengi juu ya chuma, na sababu yake i karibu nasi. Hapa jirani, Pageview, ambayo wenyeji waliiita Fietas, palikuwa na nyumba na maduka ya Waislamu wengi kabla serikali ya ubaguzi haijawahamisha katika miaka ya 1970. David Goldblatt, ambaye mwaka 1989 aliasisi Market Photo Workshop hapa Johannesburg, alizipiga picha nyumba na watu wa mtaa huo wakati wa msiba ule. Unguja nako, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilituhifadhia sura za Mji Mkongwe. Sisi tulio ugenini hatuna mtaa wala studio yetu. Bibi zetu waliotufunza kupika na kusoma wanaondoka mmoja mmoja, na wengi wao hawana hata picha moja ambayo wajukuu wao wanaweza kuishika mkononi.

Basi msichana wa kwanza atakayekabidhiwa kamera hiyo aanze na bibi yake, mchana, karibu na dirisha, kwa idhini yake.

Wabillahi tawfiq.