Fahamu: Trilobiti waliobaki na miguu yao

Ni nini?
Trilobiti ni wanyama wa baharini waliotoweka miaka milioni 252 hivi iliyopita. Visukuku vyao ni vingi, lakini karibu vyote ni gamba tupu.

Kwa nini vya Rome, New York, ni adimu?
Yapata miaka milioni 450 iliyopita, tope liliwafukia ghafla. Bakteria walipoiozesha miili pasipo oksijeni, salfa ilishikana na chuma cha topeni ikawa pairiti, madini yenye rangi ya dhahabu. Papasi, miguu, hata matamvua vikabaki; ajabu kweli! Mtaalamu wa visukuku Charles Beecher wa Chuo Kikuu cha Yale alianza kuchimba hapo 1893.

Mkusanyaji azingatie nini?
Unyevu huiharibu pairiti, hivyo kisukuku kikae pakavu. Patasi ya pupa hufuta mguu milele; heri jiwe lifunguliwe maabarani.